Spika ya kuburuza ya inchi 15 kwa mahafali na vikao vya shule ya kijijini: kabla ya wati, angalia betri

Masoko ya tumbaku yakielekea kufungwa, kamati za shule za Uyui, Sikonge na Urambo huwa na swali lile lile mezani: mahafali ya darasa la saba tukodi muziki kutoka mjini, au tununue spika yetu ya kuburuza? Tunayoichambua hapa ni ile ya inchi 15 yenye magurudumu mawili, maiki mbili zisizo na waya, sehemu ya kuchomeka flashi na Bluetooth. Madukani Tabora mjini inauzwa kwa majina mengi, ila ukifungua mgongo wake vilivyomo ndani havitofautiani sana.

Kwa risala, ngonjera, mashairi, kwaya na kikao cha wazazi, inatosha. Kwa uwanja mzima wa mpira haitoshi, na kuilazimisha ndiko kunakoiua mapema.

Kwanza, wati. Boksi litakuambia 3000, jingine 5000. Usihangaike nazo. Ndani kuna betri moja ya volti 12, na volti 12 zikisukuma spika yenye ukinzani wa omu 4 bila mzunguko wa kupandisha volti, hesabu inatoa takriban wati 18 za sauti safi. Zile chache zenye mzunguko huo zinapanda zaidi, lakini hakuna inayofika hata karibu na kilichoandikwa. Wati 18 si kidogo kwa watu waliokaa chini ya miembe ndani ya mita 20. Tatizo ni umbali: nje, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 6, kwa hiyo mzazi aliyesimama mita 40 inamfikia imefifia, na penye kelele maneno yanampotea. Wasogezeni watu mbele badala ya kuongeza sauti.

Kitu cha kukagua dukani ni betri. Inayofaa imeandikwa 12V 7Ah (Ah ni ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba). Zipo nyingi ambazo ndani zina 4.5Ah, na zipo ambazo lebo inasema 7 huku madini ya risasi yaliyomo ni ya 4.5. Mwombe muuzaji afungue mgongo, uitoe na kuiweka kwenye mzani: ya 7Ah ya kweli huwa na kilo 2 na ushee, ya 4.5 haifiki kilo 2. Muuzaji akikataa kufungua, nenda duka la pili.

Betri hiyo ikijaa ina nguvu ya wati 84 kwa saa moja. Ukitaka iishi, tumia nusu. Kwa sauti ya wastani, spika ikivuta wati 12 hadi 15, utapata saa tatu hivi, na hizo zinatosha mahafali yanayoanza kwa wakati. Yasiyoanza kwa wakati ndiyo yanayozima katikati ya hotuba ya mgeni rasmi, kwa sababu muziki umepigwa tangu saa 2 asubuhi na mgeni ameingia saa 6. Watu wakisubiri, piga muziki kwa sauti ndogo, au usipige kabisa. Adui mwingine ni lile tundu la USB: simu moja yenye betri ya miliampea 5000 inakula wati 18 na zaidi za zile 84, na walimu watatu wakichaji simu zao asubuhi, risala itasomwa kwa mdomo mtupu. Zibeni tundu hilo kwa plasta siku ya shughuli.

Maiki ndizo udhaifu mkubwa wa bidhaa hii. Kila moja hutumia betri ndogo mbili za AA, na zile za bei ya chini kabisa huanza kukatakata sauti ghafla huku taa ya maiki ikiwaka kama kawaida. Nunua za alkali, weka mpya asubuhi ya siku yenyewe, na pea ya akiba ikae mfukoni kwa mshereheshaji. Watoto wanapenda kuishika maiki kwa kukumbatia kichwa chake kwa viganja viwili. Sauti inakuwa ya pangoni na mluzi unaanza. Wafundishwe kwenye mazoezi: shika katikati, iwe umbali wa vidole vinne kutoka mdomoni, usielekeze kwenye spika. Spika ikae mbele ya msemaji ikitazama wazazi, msemaji awe nyuma yake. Ukiiweka hivyo, milio mingi inaisha.

Kuna kitufe cha eko, yaani mwangwi. Kikitoka dukani huwa kimewekwa katikati au zaidi, na wengi hukipenda kwa kuwa kinanogesha wimbo. Kwenye ngonjera kinaharibu kabisa: watoto wanajibizana haraka, neno la kwanza linarudi juu ya la pili, mzazi haambulii kitu. Kizungushe hadi sifuri kwa risala, shairi na ngonjera. Kwa kwaya pandisha kidogo tu.

Kwaya nayo ina ufundi wake. Maiki hizi zinataka mdomo karibu, kwa hiyo ukiisimamisha mita moja na nusu mbele ya watoto thelathini hupati kitu ila mluzi. Mwanzilishi ashike moja. Ya pili ifungwe kwenye mti au stendi, nusu mita mbele ya safu ya kwanza, usawa wa kidevu, na wenye sauti ndogo wapangwe hapo katikati. Wakicheza ngoma ya Kinyamwezi, ngoma na manyanga yenyewe havihitaji maiki, vina sauti kuliko spika. Maiki ibaki kwa mwimbaji peke yake. Ukiyapa manyanga maiki, spika itakwaruza, na ikikwaruza kwa muda mrefu koili ya spika, ule waya uliosokotwa ndani yake, inaweza kuungua.

Muziki wa flashi haufuati herufi kwenye aina nyingi, unafuata mpangilio wa kunakili. Nakili wimbo mmoja mmoja kwa kufuata ratiba: wa kuingilia wahitimu, wa halaiki, wa kukata keki, wa zawadi. Flashi ya GB 32 au chini yake ndiyo salama. Simu ikitumika kwa Bluetooth, iweke kwanza kwenye hali ya ndege kisha washa Bluetooth, vinginevyo mtu atapiga na mlio wake utasikika mbele ya wageni wote.

Ubebaji. Jina ni la kuburuza lakini magurudumu yake ni ya sakafu ya dukani. Kwenye mchanga wa njia zetu yanakwama, na mpini wa kuvutia unakatika mapema. Ibebwe na watu wawili. Ikipanda bodaboda, ikae wima juu ya gunia lililokunjwa, ifungwe kwa mpira, na baada ya safari kazeni skrubu za mbele kabla ya kuiwasha, maana mtikisiko ndio unaozilegeza na kuleta ile sauti ya debe. Pale uwanjani iinueni juu ya madawati mawili yaliyopandana vizuri, au kwenye stendi ya mita 2 kama spika ina tundu la stendi chini yake. Ikikaa chini, vichwa vya safu ya kwanza vinameza maneno yote. Kiangazi cha Agosti na Septemba kina vumbi na jua: turubai juu yake, kanga nyuma yake, na isiachwe juani ikiwa imezimwa, maana joto ndilo linalofupisha maisha ya betri.

Kuchaji ndiko kunakotenganisha shule inayotumia betri moja miaka miwili na ile inayonunua kila muhula. Chaja yake ya ampea 1 inataka saa 8 hadi 10, yaani usiku mzima. Pasipo umeme, paneli ya wati 20 inatosha, inatoa ampea 1 na kidogo jua likiwa la utosi, lakini lazima ipite kwenye kidhibiti chaji, kifaa kinachozuia betri kuchajiwa kupita kiasi. Paneli ya volti 18 ikiunganishwa moja kwa moja inachemsha betri mpaka inavimba na haitoki tena kwenye nafasi yake. Jenereta ndogo zina umeme unaopanda na kushuka. Iwashe kwanza, itulie, ndipo uchomeke chaja. Wakati wa likizo ya Juni na Desemba betri ijazwe kabla ya kufunga shule na kuchajiwa tena kila mwezi. Ikikaa chini ya volti 12 kwa wiki kadhaa, haijai tena. Spika yenyewe ihifadhiwe juu ya kabati: panya hutafuna waya, na mchwa hupanda boksi la mbao kutoka sakafuni.

Kijiji kikiiazima kwa mkutano au msiba, na kitaiazima, iandikwe daftarini saa iliyotoka, iliyorudi na nani aliichaji. Betri ikifika mwisho, ile ya 7Ah ni saizi ile ile ya betri nyingi za UPS (kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika), hivyo inapatikana hata kwa wauzaji wa kompyuta. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukigeuza, fyuzi itakata kama una bahati, la sivyo ubao wa saketi wa ndani utaungua. Ile ya zamani ina risasi na asidi, isitupwe shimo la taka la shule ambako watoto wanachokora. Ipelekwe mjini, wanunuzi wa vyuma chakavu wanaichukua.