Uzoefu wangu: miaka minne ya kukusanya kadi za Roberto Clemente (zilizoandikwa Roberto tu, za Bob sizitaki)

Nianze na hela maana najua ndo mnachotaka kujua kwanza. Mpaka leo zimeshanitoka kama dola 2,300 kwa vikaratasi saba vyenye picha ya mchezaji wa besiboli, kimoja ni cha hasara nitawaeleza huko mbele, vitano ukivijumlisha vyote ni dola 305 tu, na kimoja peke yake ndo kimemeza dola 1,750. Mama Zuhura alivyosikia hiyo bei alikaa kimya kwanza, halafu akaniuliza, "Baba Zuhura, hiki kinaliwa?"

Basi tuanze mwanzo. Mimi naishi Pittsburgh, nafanya kazi ya kufua mashuka hospitali, shifti ya usiku, na siku nikitaka kunyoosha miguu napita kwa mguu kwenye daraja la njano pale mjini linaloitwa Roberto Clemente Bridge, siku za mechi wanalifungia magari watu wanatembea tu kuelekea uwanjani. Nimelivuka mwaka mzima sijui huyo Clemente ni nani, nikadhani labda meya. Siku moja nikamuuliza mzee mmoja tunayefanya naye kazi, mtu wa hapahapa, akaniangalia kama nimemtukania baba yake. Akanieleza kuanzia saa nane usiku mpaka mashine zinaisha.

Kwa kifupi, kwa sisi wa mpira wa miguu, Clemente ni mtu wa Puerto Rico, amezaliwa 1934 kule Carolina, akacheza besiboli na Pirates wa Pittsburgh kuanzia 1955 mpaka 1972, timu moja tu maisha yake yote ya ligi kuu, jezi namba 21. Alikuwa analinda upande wa kulia kule nyuma, na mkono wake ulikuwa balaa, akiutupa mpira unafika kama umepigwa risasi, ndo maana ana tuzo 12 za ulinzi. Hiti, yaani kuupiga mpira ukafika kituo cha kwanza salama, alipiga 3,000 kamili, ya mwisho kwenye ligi ni ya tarehe 30 Septemba 1972. Desemba ile tetemeko likaiangusha Managua kule Nikaragua, akakusanya misaada, akasikia inaibiwa njiani, akasema nitaipeleka mwenyewe. Ndege ikaanguka baharini usiku wa tarehe 31 Desemba. Alikuwa na miaka 38. Kawaida mchezaji anasubiri miaka mitano kuingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa besiboli, yeye hawakusubiri, 1973 wakamuingiza.

Sasa kilichonishika mimi sio hiti. Kilichonishika ni jina. Mimi naitwa Shabani, ila kule kazini kwenye ubao wa shifti nimeandikwa Shawn, siku ya kwanza bosi alijaribu mara mbili ikamshinda akasema tutakuita Shawn, basi mpaka leo. Yule mzee akaniambia na Clemente walimfanyia hivyohivyo. Magazeti yalikuwa yanaandika Kiingereza chake vile wanavyodai alikuwa anakitamka, ili watu wacheke, na jina wakamgeuza Bob, na yeye akawa anawaambia jina langu ni Roberto. Nenda kwenye kadi za Topps, kampuni iliyokuwa inazichapa, utaona mwenyewe, 1955 na 1956 imeandikwa Roberto, halafu kuanzia 1957 mpaka 1969 ni Bob, Bob, Bob, miaka 13, mtu mara nne humo ndani amekuwa bingwa wa wastani wa hiti na MVP, yaani mchezaji bora wa ligi, ya 1966 bado ni Bob tu, 1970 ndo Roberto inarudi. Niliposikia hivyo nikasema mimi nakusanya za Roberto peke yake. Watu kwenye maonesho ya kadi wananishangaa maana nazikataa hata zikiwa bei chee.

Kwa msiojua, hizi kadi zamani zilikuwa zinauzwa dukani ndani ya pakiti ya bigijii, watoto wananunua kwa senti, bigijii inaliwa na kadi wanachezea, wengine wanazifunga kwenye spoku za baiskeli ziwe zinapiga kelele. Ndo maana nzima ni chache. Na zingine zina doa la bigijii nyuma mpaka leo, nimeinusa moja, hainuki kitu.

Nilianza na ya 1973, namba 50 (hii ni namba ya kadi, sio ya jezi), dola 20 kwenye onesho dogo kwenye ukumbi wa zimamoto, kona zimelegea lakini sura safi. Hii ilitoka mwaka ambao mwenyewe ameshafariki, kwa hiyo mtoto wa wakati ule alifungua pakiti akakutana na marehemu. Halafu 1972 namba 309, dola 35, ule mwaka Topps waliweka rangi na maherufi makubwa kama bango la disko. 1970 namba 350, dola 30, kijivu kijivu, haina mvuto kusema ukweli. Na 1971 namba 630, dola 60, hii ndo naipenda kuliko zote kwa macho, kingo zake ni nyeusi, ila huo weusi ndo ugonjwa wake, ukiigusa vibaya kidogo tu rangi inabanduka unaona weupe wa karatasi, kwa hiyo ya 1971 iliyo safi bei yake ni ya kukufukuza. Yangu imebanduka pembeni kama rangi ya mtumbwi wa zamani. Sijali. Mwaka huohuo tarehe 1 Septemba Pirates waliingiza uwanjani kikosi cha watu weusi na Walatino watupu, mara ya kwanza kwenye ligi kuu, na yeye alikuwemo, na msimu ule wakabeba ubingwa yeye akawa mchezaji bora wa fainali.

Hapo ndo kichwa kikavimba nikataka 1956.

Nikaiona kwenye mnada wa mtandaoni, namba 33, haiko kwenye plastiki ya gredi, kingo zimenyooka kama zimepigwa pasi, kona kali, dola 190, nikasema huyu muuzaji hajui alichonacho. Kumbe asiyejua ni mimi. Nikaipeleka kwa kampuni ya gredi, yaani unajaza fomu, unakadiria thamani, unalipa, wanaikagua wanakupa namba kuanzia 1 mpaka 10 na kuifungia kwenye plastiki ngumu. Waliniambia siku 45. Ilikaa miezi sita! Simu hawapokei, meseji inajibiwa na mashine, asante kwa uvumilivu wako, uvumilivu gani na kadi yangu mnayo nyie. Ikarudi haina namba, imeandikwa tu kwamba imekatwa kingo. Nikachukua rula ya Zuhura ya shule nikapima, kadi za Topps za 1956 zinatakiwa inchi 2 na 5/8 kwa 3 na 3/4, yangu upande mmoja imepungua kabisa unaona kwa macho. Mtu alichukua kadi iliyochakaa akainyoa ionekane mpya. Rula ya dola moja ingeniokolea dola 190, ada ya gredi na posta juu. Muuzaji nikamwandikia, akanijibu mauzo ni ya mwisho. Nimelizwa mchana kweupe.

Nilivyomwadithia mzee wa kazini akacheka, akasema wewe mdogo sana, akanipa habari ya Honus Wagner, ambaye naye ni wa Pirates hawahawa, kadi yake ya pakiti za sigara ya miaka ya 1909 mpaka 1911 ndo baba wa kadi zote, kuna moja iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Na ile ya Wagner iliyowahi kuwa maarufu kuliko zote kwa usafi, mnadishaji aliyeiuza zamani alikuja kukiri 2013 kwamba aliinyoa kingo. Sasa kama wenye mamilioni wananyolewa, mimi mfua mashuka nitaponea wapi.

Nikatulia mwaka mzima. 1956 nyingine nikanunua kwa mkono, nimepima, nimeitazama kwa lensi, dola 160, ina mkunjo katikati na mtu aliiandika kwa penseli nyuma. Kwenye lensi kitu cha kuangalia ni hiki, picha ya zamani imetengenezwa kwa vidoti lakini herufi nyeusi zinatakiwa ziwe wino mmoja ulioshiba, ukikuta na herufi zenyewe ni vidoti ujue hiyo imeskaniwa, weka chini ondoka.

Halafu ndo 1955, namba 164, kadi yake ya kwanza kabisa. Hii iko kwenye fungu la mwisho la mwaka ule, namba 161 mpaka 210, ambalo ni adimu kuliko mengine, na feki zake zimejaa, kwa hiyo hapa ndo nasema nunua iliyo ndani ya plastiki ya gredi tayari, usijifanye fundi. Mimi nilichukua yenye gredi 1, yaani ya mwisho kabisa, kona zote mviringo na mstari wa mkunjo unampita karibu na bega. Nilikusanya ovataimu miezi minane. Watu wakasema ungengoja upate gredi 4 au 5, sawa, nyie wenye hela ngojeni. Uso wake unaonekana wote, jina lake limeandikwa lote, ROBERTO CLEMENTE, kijana wa miaka 20 hajajua kama miaka miwili mbele atageuzwa Bob.

Kwa hiyo tathmini yangu. Kadi zenyewe nyota 5. Maonesho ya ana kwa ana nyota 4, unashika, unapima, unapatana bei kama Kariakoo, na wazee wa pale wakijua unamjua Clemente wanakupunguzia. Mnada wa mtandaoni kwa kadi isiyo na plastiki nyota 1. Gredi nyota 2, kwa kadi ya 1955 ina maana, lakini kupeleka kadi ya dola 30 ni kulipia nauli kubwa kuliko mzigo, mimi za miaka ya 70 nimeziweka kwenye kava laini halafu kava gumu la plastiki, ndani ya kabati mbali na dirisha, basi. Na kama unataka kununua ili utajirike, kumbuka kipindi cha korona bei zilipaa halafu nyingi zikashuka, kuna watu nawajua bado wanalia.

Ile iliyonyolewa nimempa Zuhura, ameibandika kwenye daftari la hesabu pamoja na rula.

Juzi bathdei yangu mama Zuhura kaniletea bahasha, mwenyewe kaenda dukani kauliza "ile ya mtu wa daraja", ndani ni 1973 namba 50, ambayo ninayo, na kona zake nzuri kuliko yangu. Kwa hiyo kwa yeyote aliye Pittsburgh au karibu, natafuta 1972 namba 310, ile ya In Action, yaani picha yake akiwa mchezoni, nabadilishana na 1973. Ile ya kwanza lakini, niliyonunua mwenyewe. Ya bathdei haitoki ndani.