Banda langu la kukamulia Naliendele: sakafu niliyoilipia mara mbili

Nilistaafu ualimu mwaka 2022. Kiinua mgongo kilipoingia kila mtu akawa mshauri wangu: nunua bodaboda, jenga fremu, ongeza ekari za mikorosho. Mimi nikaona pesa inayoitwa kiinua mgongo iende kuunusuru mgongo wenyewe. Miaka saba nilikuwa nachutama chini ya ng'ombe alfajiri na jioni, na nilishafika pa kulala na chupa ya maji ya moto kiunoni.

Nina ng'ombe sita, chotara wa Friesian. Wanaokamuliwa kwa wakati mmoja huwa wanne, na kwa siku napata lita 34 hadi 38, ikipanda kidogo wakati wa kipupwe na kushuka joto la Novemba linapoanza. Nimejenga sehemu ya kukamulia kati ya Juni na Septemba 2023, baadaye nikanunua na mashine. Naandika kwa sababu nilipokuwa natafuta mtu wa kuniambia gharama zake huku kwetu Mtwara sikumpata. Ukanda huu haujawa wa ng'ombe wa maziwa. Mbung'o na ugonjwa wa ndorobo viliwafukuza watu kwenye ufugaji zamani, na hata wafugaji waliokuja Lindi na mifugo yao baada ya kuondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007 wanakamua bomani, kwa mkono. Kwa hiyo ukimwambia fundi wa Mtwara "nijengee pa kukamulia", anakujengea anachokijua. Yangu yalianzia hapo.

Makadirio ya kwanza niliyapata kwa kijana mmoja mwenye ofisi Dar es Salaam. Akaniletea mchoro wa mtindo wanaouita mfupa wa samaki: ng'ombe wanasimama kimshazari kwa mistari miwili, mkamuaji yuko katikati ndani ya shimo refu, viwele vinamjia usawa wa mkono. Kitu kizuri kabisa. Bei yake, bila mashine, shilingi milioni 34. Nafasi za ng'ombe kumi na wawili. Nikamuuliza, "Mwanangu, wanne watakuwa wangu, hao wanane watakuwa wa nani?" Akasema mama, fikiria mbele. Nilifikiria mbele, nikaona deni.

Nikachukua wazo la shimo nikaligeuza juu chini. Badala ya mimi kushuka, ng'ombe apande. Jukwaa la zege lililoinuka nusu mita, vizimba viwili sambamba, mteremko wa kupandia upande mmoja na wa kushukia upande wa pili, kihori mbele, na pembeni kachumba kadogo ka kuwekea maziwa na vyombo. Eneo lote mita sita kwa nne. Nikisimama chini ya jukwaa, kiwele kiko usawa wa tumbo langu, mgongo umenyooka. Kwa hilo tu, sijutii hata shilingi.

Sasa pesa. Saruji mifuko 62 kwa 15,000, jumla 930,000. Nilidhani kwa kuwa kiwanda kiko hapa hapa mkoani ningelia na vitu vingine tu, na kweli saruji haikuwa ya kunitoa jasho. Kilichonitoa jasho ni kokoto. Mtwara mjini tumekalia mchanga na mawe ya matumbawe, kokoto ngumu zinatoka kwenye miamba ya Masasi, karibu kilomita 200, na bei unayolipa ni ya mafuta ya lori kuliko ya jiwe. Lori moja 650,000. Jirani alinishauri nitumie matumbawe ya kuponda, ambayo kwa ukuta hayana neno, lakini kwenye jamvi, yaani sakafu ya zege, linalokanyagwa na kwato na kumwagiwa mikojo na maji kila siku nilikataa, na bado naona nilikuwa sahihi.

Tofali 480 za inchi sita zilinigharimu 720,000, mchanga safari tatu 270,000, mbao na misumari 540,000. Bati nilinunua 22 za geji 28 kwa 34,000 kila moja. Fundi alitaka geji 30 kwa kuwa ni rahisi, lakini upepo wa chumvi wa huku unakula bati jembamba kama mchwa, na mvuke wa mkojo wa ng'ombe kutoka chini unaumalizia upande wa pili. Mabomba ya vizimba pamoja na kuchomelea 860,000. Nyaya za umeme 310,000. Maji, yaani simtanki la lita 2,000, mnara wake na mabomba, 890,000. Mfereji na shimo la maji machafu 420,000. Ufundi milioni 1.4. Ukijumlisha inakuja 7,738,000.

Hiyo ni hesabu ya kwanza. Ya pili ni ya sakafu.

Fundi wangu ni mtu mwema na ana mkono mzuri. Tatizo ni kwamba mkono wake umezoea sebule. Siku ya kumaliza jamvi nilikuwa mjini, nikarudi jioni nikakuta amelipiga niru, ule uji wa saruji wa kulainisha, likang'aa kama sahani. Amesimama mlangoni anafurahi. "Mwalimu, hapa hata kioo huhitaji, unajiona miguuni." Na mimi, kwa ujinga wangu, nikasifu! Siku ya kwanza ya kupandisha ng'ombe, yule mkubwa ninayemwita Subira alifika nusu ya mteremko, miguu ya mbele ikakimbia, akapiga magoti na kidevu. Namshukuru Mungu hakuvunjika, maana ng'ombe akitanuka miguu ya nyuma nyonga zikaachia, unaita bucha. Lakini alikataa kukanyaga pale wiki mbili nzima, na maziwa yake yakashuka kutoka lita kumi na moja hadi sita.

Halafu nikamwaga ndoo ya maji. Jambo hili ningelifanya siku ile ile ya niru, na wewe ulifanye kabla hujamlipa fundi senti ya mwisho. Maji yalikwenda kukusanyika hasa pale wanaposimama miguu ya nyuma, chini ya kiwele. Hakukuwa na mteremko wowote. Sakafu ya kukamulia inatakiwa ishuke kama sentimita mbili kwa kila mita kuelekea kwenye mfereji, ili uchafu uondoke wenyewe. Maji yakisimama chini ya chuchu unafuga ugonjwa wa kiwele.

Tulibomoa tabaka la juu, tukamwaga upya kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Safari hii nilikaa pale pale na kiti changu. Zege lilipoanza kushika, tukakandamiza nondo kufanya mistari ya kukata mteremko, kila baada ya kiganja kimoja, na jamvi lenyewe tukaliburuzia ufagio mgumu likabaki na mikwaruzo. Saruji mifuko 14, kubomoa na kujenga tena: 450,000. Fundi alipunguza ufundi wake, namshukuru, ingawa aliondoka akinung'unika kwamba nimeharibu kazi nzuri. Na alikuwa na haraka, maana Septemba ilikuwa inakwisha na Oktoba huku hupati fundi, yuko shambani kwake anaokota korosho.

Kitu kimoja fundi alikipatia bila mimi kumwambia: ukuta wa kusini-mashariki aliujenga nusu, juu akaacha wazi. Upepo wa kusi unaingia moja kwa moja. Ng'ombe mwenye damu ya Kizungu anahema na joto la Mtwara hata akiwa amelala, kwa hiyo upepo ule unalipa. Upande wa kaskazini umefungwa, kwa sababu mvua zetu za Desemba hadi Aprili zinakuja na kaskazi.

Mashine niliinunua Januari 2024 kwenye duka moja Dar, aina ya ndoo moja yenye vikombe vinne, 2,350,000, na 60,000 ya kuisafirisha kwa basi. Inavyofanya kazi: pampu inavuta hewa, mpira ndani ya kikombe unabana na kuachia chuchu kama mara sitini kwa dakika, kama ndama anavyonyonya. Mshale wa kipimo cha mvuto wa hewa naushikilia kwenye kilopaskali 45. Ukiupandisha ili kuharakisha, unaumiza chuchu, na ukiacha vikombe vikivuta baada ya maziwa kwisha ni vile vile.

Je, inafaa? Inakamua vizuri. Ng'ombe mmoja dakika sita, maziwa safi, hayana nywele wala vumbi. Kabla hatujaanza tuliiwasha tupu siku tano wakati wanakula mashudu ya ufuta, wauzoee mlio. Lakini kuosha! Maji ya uvuguvugu kwanza, kisha ya moto na sabuni yake, kisha ya kusuuza, kila baada ya kukamua. Maji ya kisima changu yana chumvi, yakawa yanaacha ukoko mweupe kwenye mipira mpaka nilipoanza kusuuza kwa siki mara moja kwa wiki. Ukichanganya na kuosha, wanne kwa mashine ni saa moja na robo. Kwa mkono, mimi na kijana wangu, tulikuwa tunatumia saa moja na nusu.

Na vipuri. Duka liliniahidi mipira ya akiba "ndani ya wiki moja, mama, usijali". Ilichukua miezi miwili, na walituma saizi ya mbuzi.

Umeme nao usiusahau. Gesi inachimbwa Msimbati, tunaliona bomba likipita, lakini taa zikizimika saa kumi na moja alfajiri ng'ombe hasubiri. Maziwa yakishateremka, una dakika chache tu kabla mwili haujayazuia tena. Nimeongeza jenereta dogo la 750,000. Kwa hiyo jumla kuu, na sakafu mara mbili, mashine na jenereta, ni 11,348,000. Maziwa nauza 2,000 kwa lita hapa Naliendele, yanaisha kabla ya saa tatu. Chakula, dawa ya kuogesha na mshahara wa kijana vinakula zaidi ya nusu, kwa hiyo sijarudisha pesa yangu na sitegemei kuirudisha kabla ya 2027.

Ningeanza upya, ningejenga jukwaa, vizimba, maji na mfereji, nikaishia hapo. Kwa ng'ombe wanne mashine ingeweza kusubiri. Milioni tatu zile na jenereta lake zingeninunulia chotara mmoja mwenye mimba na bado ningebaki na pesa ya majani. Ukifika ng'ombe wanane hivi, hapo mashine inaanza kuwa na hoja. Kokoto agiza mwezi wa sita, kabla malori hayajaanza kubeba korosho na bei haijapanda.

Wiki iliyopita mpira mmoja ulipasuka, sikuwa na wa akiba, tukakamua kwa mkono siku nne. Kijana wangu ndiye aliyegundua. "Bibi," akasema, "mbona leo hujashika kiuno?" Nilikuwa nimesimama chini ya jukwaa, mikono juu, Subira anatafuna mashudu yake hana habari.