Sarafu ya Mjerumani ya 1890: usiisugue kabla hujaiangalia hii video

Wadau karibuni tena, leo niko hapa Kirumba, Mwanza, na nina hii sarafu ya shaba, nimeichukua kwa jamaa wa vyuma chakavu, alikuwa anaipima kilo pamoja na waya za umeme, yaani iliniuma sana.

Cheki upande huu, tai, na kuzunguka kumeandikwa Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, ile kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, chini mwaka 1890. Geuza, huku ni Kiarabu na mwaka wa Hijria 1307. Sarafu hii jina lake ni pesa, hii ni pesa 1, na pesa 64 ndo zilikuwa zinatimiza rupia 1, mpaka 1904 walivyoleta sarafu nyingine, heller, 100 kwa rupia. Wengi mnachanganya hizi mbili, heller ina taji, haina tai wala Kiarabu. Kama ya kwako imelika mwaka wa kizungu hausomeki, we tafuta tarakimu za Kiarabu, 1308 ni 1891, 1309 ni 1892. Na weka sumaku, ikinasa hiyo sio shaba.

Bei sasa. Wale mnaonitumia meseji eti milioni, hapana jamani, hizi zilipigwa kwa mamilioni, ikiwa imechakaa hivi ni dola chache tu. Inayopanda ni ile ambayo manyoya ya tai bado unayahesabu na rangi yake haijaguswa.

Rangi ndo yenyewe! Huu ukahawia umekuja taratibu zaidi ya miaka mia, mkusanyaji analipia huu, halafu mtu anachukua limao na majivu, au stilwaya, inang'aa kama sufuria mpya na thamani imeshaondoka, hairudi tena kabisa. Nimeziona nyingi za hivyo hapa mjini, nzuri kweli, zimeharibiwa na watu wenye nia njema.

Ikiwa na udongo loweka kwenye maji safi yasiyo na chumvi, kausha kwa kuigandamiza na kitambaa laini, usifute. Ukiona unga wa kijani mpauko unaochomoka, itenge na sarafu nyingine upesi, ule unakula shaba na unyevu ndo unaupa nguvu, na sisi huku ziwani hewa yenyewe mnaijua. Ishike kwa pembeni, iweke kwenye bahasha ya karatasi kavu, sio vile vimfuko laini vya plastiki, halafu tupia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kama unayo piga picha pande zote mbili kwenye mwanga wa jua, nitumie niisome.