Mashine za kusafisha mirija kwa presha kubwa: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Evaporeta za kiwanda cha sukari, yaani vyombo vya kuchemshia juisi ili maji yapungue, hazisubiri msimu uishe. Juisi ya miwa ikichemka huacha ukoko ndani ya mirija, joto halipiti vizuri, mvuke mwingi unaliwa bure, na kila baada ya muda chombo kimoja hufungwa kisafishwe. Kwanza huchemshwa kostiki soda ili ukoko ulegee, kisha vijana huingia ndani na brashi za kuzunguka au na hozi ya maji ya presha. Kwenye vibadilisha joto vya viwanda vya mafuta ya kula, kondensa za mitambo ya umeme (zinazogeuza mvuke kuwa maji) na chila za hoteli kubwa (mashine za kupoza maji ya kiyoyozi), kazi ni ileile ila mirija ni myembamba zaidi.

Mwongozo huu ni kwa mkuu wa matengenezo au mkandarasi aliyeruhusiwa kununua mashine moja, si tano. Nimezipanga kwa kigezo kimoja: inamtoa mtu mbele ya maji kwa kiasi gani, kwa pesa ambayo kazi yako inaweza kuirudisha.

Kabla ya orodha, piga hesabu kidogo. Zidisha bar, yaani kipimo cha presha, kwa lita za maji kwa dakika, gawanya kwa 600, utapata kilowati. Pampu ya bar 1,000 inayotoa lita 40 kwa dakika ina karibu kilowati 67 ndani ya maji yenyewe, kwa hiyo mota au injini lazima iwe kubwa kuliko hapo. Nguvu yote hiyo ikitokea mbele ya nozeli, yaani ncha ya kutolea maji, inamsukuma mshikaji nyuma kwa takriban kilo 30. Chama cha kazi hii cha Marekani, WJTA, kinashauri msukumo usizidi theluthi moja ya uzito wa anayeshika. Kijana wa kilo 75 amekwisha kupitwa. Wengi wa vijana wetu hawafiki hata hizo 75.

Halafu kuna jeraha lenyewe. Nje linaonekana kitundu kama cha sindano. Ndani maji machafu, kostiki na vipande vya ukoko vimeshatambaa kwenye nyama. Daktari wa zamu asipoambiwa anaweza kubandika plasta na kumruhusu mgonjwa aende zake. Ndiyo maana wafanyakazi wa presha kwa wenzetu hutembea na kadi mfukoni inayomweleza daktari kwamba hili ni jeraha la maji ya presha kubwa na lihudumiwe kwa dharura. Kadi hiyo ni karatasi tu. Itengeneze hata kabla hujanunua mashine.

Nafasi ya kwanza: kisukuma lansi cha hewa chenye rimoti

Hiki ni kisanduku chenye rola zinazoishika hozi nyembamba, yaani lansi, na kuisukuma ndani ya mrija na kuirudisha. Kinaendeshwa na hewa ya kompresa. Mwendeshaji anasimama mita kadhaa pembeni na vishikizo vyake, hagusi hozi. StoneAge ya Durango, Colorado, ina familia ya AutoBox inayosukuma hadi lansi tatu kwa wakati mmoja. Peinemann ya Uholanzi nayo inajulikana kwa mashine za aina hii. Wapo wengine, na si lazima ununue jina kubwa.

Nimekiweka juu kwa sababu kinaondoa hatari kubwa kuliko zote, ile ya mtu kushika hozi kwa mkono, bila kukulazimisha kulipia elektroniki ambayo fundi wako hajaizoea. Ila dai vitu vitatu viandikwe kwenye oda. Cha kwanza ni vali ya kuachia presha inayofanya kazi kwa kushikiliwa: ukiachia kishikizo, presha inashuka. Cha pili ni kizuizi kinachozuia lansi isichomoke nyuma ikiwa na presha. Cha tatu ni nozeli na kiungo chake kigumu viwe virefu kuliko upana wa ndani wa mrija, la sivyo nozeli inaweza kugeuka humo ndani na kurudi ilikotoka. Kwenye evaporeta hili ni muhimu maradufu, maana mirija yake ni mipana kuliko ya kibadilisha joto cha kawaida, na nozeli iliyonunuliwa kwa kazi nyingine huwa fupi mno.

Na pima tundu la kuingilia. Mirija ya evaporeta imesimama wima, sahani inayoshika ncha za mirija iko ndani ya chombo, na mashine iliyotengenezwa kufungwa mbele ya kibadilisha joto kilicholala inaweza isipite mlangoni. Muuzaji hatakuuliza. Mpelekee mchoro wenye vipimo, akujibu kwa maandishi kwamba itaingia, itafungwa wapi, na mwendeshaji atasimama nje au ndani. Akisema ndani, rudi kwenye meza ya mazungumzo.

Nafasi ya pili: kisukuma hichohicho, chenye vihisi

Kwa mkandarasi anayesafisha mirija maelfu kwa mwaka, hiki ndicho namba moja. StoneAge wanauita mfumo wao Sentinel. Vihisi vinafuatilia lansi imefika wapi. Ikikutana na ukoko mgumu mashine inatambua, inairudisha nyuma kidogo na kugonga tena yenyewe hadi ipenye, na inajua lansi inapofika mwisho wa mrija. Faida yake haiko kwenye kasi peke yake. Mwendeshaji aliyechoka saa nane za usiku husukuma kwa nguvu mahali penye kizibo, lansi inajikunja, rola zinaila ngozi ya hozi, na hozi iliyoliwa ndiyo hupasuka kesho yake. Kihisi hakichoki hivyo.

Lakini kuna mambo hakiyajui. Hakijui kama fundi wa kulehemu amepita upande wa pili wa sahani, ambako maji na ukoko vinatokea. Upande huo unahitaji ngao na kamba ya kuzuia watu, na hakuna kompyuta itakayoifunga kamba hiyo. Muuzaji akikwambia vihisi vinafuta haja ya vali ya kuachia presha, muage.

Ijaribu hivi kabla ya kulipa. Chukua mrija chakavu wa kwako, uzibe katikati kwa saruji, uache ukauke, uende nao kwenye maonyesho. Tazama mashine inafanya nini ikigusa saruji: inarudi, au inaendelea kusukuma mpaka lansi inapinda nje ya rola? Kisha mwambie mwendeshaji aachie vishikizo ghafla, wewe macho kwenye geji. Mrija wenye ukoko laini wa maonyesho haukufundishi kitu.

Ya tatu: mashine ya brashi inayozunguka

Kwa chila za hoteli na hospitali hii inatosha, na pengine ndiyo bora. Waya unaozunguka unasukuma brashi huku maji ya kawaida yakisuuza, kama zile za Goodway. Hakuna presha ya kutisha. Angalia tu mirija ya chila yako: mingi ina mistari ya mzunguko ndani, na inataka brashi ya nailoni. Kwa ukoko wa sukari uliokomaa itakuchosha.

Ya nne: risasi za kukwangua

Vikwanguzi vidogo vinasukumwa na maji ya karibu bar 20 kutoka mwanzo hadi mwisho wa mrija, namna ya Conco. Vizuri sana kwa kondensa yenye maelfu ya mirija iliyonyooka. Mrija ukiwa umeziba kabisa havipiti.

Ya mwisho: lansi ya mkono

Ni rahisi, inapatikana, na kila mtu anaifahamu, ndiyo sababu inanunuliwa. Usiinunue kama mashine kuu. Sheria ya usalama kazini ya Tanzania ya 2003 na ile ya Kenya ya 2007 zinamwekea mwajiri wajibu wa usalama wa mfanyakazi, na ukaguzi baada ya ajali hautapokea hoja ya bei. Ukilazimika kuitumia kwa mirija michache, awepo mtu wa pili kwenye vali ya mguu ya kuachia presha, na hozi iwe na alama ya rangi karibu sentimita 60 kutoka nozeli, ili mvutaji ajue presha ishushwe kabla ncha haijatoka.

Yoyote utakayochagua, tenga fungu la chujio la maji. Maji ya mtoni na ya kisima yana mchanga. Mchanga ukiziba tundu moja la nozeli, misukumo ya maji hailingani tena na lansi inaanza kuvuta upande. Lansi, sili, rola na nozeli ni vitu vya kuisha, kwa hiyo uliza vinakaa stoo ya nani: Mombasa, Dar es Salaam, au vitakuja na meli huku chombo kimefunguliwa.