Nikon Coolpix 990 kwa picha za mtaani Mombasa, bado iko vizuri

Kama wapenda picha za watu ambao hawajajipanga, yaani mama wa mahamri pale Kibokoni anahesabu chenji zake tu wala hajui kuna kamera, basi hii itafute hata ya mtumba. Ilitoka mwaka 2000, megapikseli 3.34, na simu yako inaishinda kwa ukali wa picha, hilo sibishi. Lakini simu ukiiinua tu Marikiti watu washajua, huyu anageuka, yule anaanza kupozi, basi picha imekwisha.

Hii bodi yake iko vipande viwili, upande wa lenzi unazunguka peke yake upande wa skrini unabaki, kwa hivyo unaishika kifuani lenzi ikitazama mbele na wewe umeinamia skrini kama mtu asoma meseji. Na mzee wa kahawa aliyekaa barazani Mji wa Kale unampata usawa wake, dele la shaba mkononi, vikombe miguuni, humpigi kutoka juu kama unamkagua. Wallahi kwa hilo tu naipenda.

Shida ni uzito wa kufikiri. Ukibonyeza inatafuta fokasi kwanza, na mkokoteni ushapita zamani. Dawa yake bonyeza nusu mapema ushikilie, ama weka fokasi ya mkono mita 2 hivi, zumu usiiguse, umngoje mtu aingie mwenyewe, manake sensa, ile inayonasa mwanga ndani ya kamera, ni ndogo na karibu na mbali vyote vinatoka safi. Usiku kule feri Likoni usijisumbue, ISO, yaani wepesi wake wa kunasa mwanga, mwisho 400 na picha inajaa chembechembe. Jua la saa saba nalo skrini ya inchi 1.8 huoni kitu, tafuta kivuli.

Na mtu akikushtukia, hasa kina mama, muonyeshe picha pale pale, akisema futa, futa akiona. Hapo ndipo digitali inapoipita filamu kabisa.

Kabla hujatoa pesa fungua na ufunge mlango wa betri uone kama lachi, kile kikulabu cha kuufunga, yashika, halafu zungusha lenzi mpaka mwisho skrini isizimike. Betri ni nne za AA, chukua za kuchaji, hizi za kawaida inazimaliza fasta sana. Kadi ni CompactFlash, muulize muuzaji kama ana rida yake, kile kidude cha kuisomea kadi kwenye kompyuta, bila hiyo picha utazitoa kwa tabu.