Kozi wa Moto na Masharti Yake: Uzoefu Wangu wa Talonflame Ndani ya Pokémon Showdown

Kwa muda mrefu nimekuwa nikicheza mapambano ya Pokémon ya ushindani kupitia Pokémon Showdown, jukwaa la bure linalofunguka ndani ya kivinjari cha simu au kompyuta, na sehemu kubwa ya mapambano hayo nimeyacheza nikiwa na Talonflame, kozi wa moto, kwenye timu. Tathmini hii inahusu vyote viwili, huduma yenyewe na ndege huyo, kwa sababu kwangu vimefungamana. Bila jukwaa linaloniruhusu kubadilisha silaha zake kwa dakika chache nisingeweza kumjaribu kwa namna zote nilizomjaribu, na bila yeye huenda ningekuwa nimeshaliacha jukwaa zamani.

Hapa Nairobi, anayetaka kucheza Pokémon kwenye mashine yake halisi ana safari ndefu. Maduka ya Luthuli Avenue na vibanda vya michezo vya mitaani vimejaa PlayStation na kandanda, na Nintendo Switch ukiipata, bei yake humfanya mtu aifikirie kodi ya nyumba kwanza. Hata aliyekwisha kuinunua bado ana kazi mbele yake: amkamate Fletchling, amlee hadi awe Fletchinder katika kiwango cha 17 na Talonflame katika kiwango cha 35, kisha atafute Ability Patch, kwa kuwa Gale Wings, uwezo unaomfanya ndege huyu atamaniwe, ni uwezo uliofichwa. Ndani ya Showdown kazi hiyo yote ni kuandika jina, kuchagua uwezo, mashambulizi manne na kifaa cha kubeba, kisha kutafuta mpinzani. Silaha hazinunuliwi, kwa hiyo mwenye pesa hana chochote ambacho mimi sina.

Kwa upande wa intaneti sina malalamiko makubwa. Mapambano huchezwa zamu kwa zamu, hivyo mtandao wa polepole hauumizi kama unavyoumiza katika mechi ya kandanda ya mtandaoni. Nimecheza ndani ya matatu ya Thika Road, mawimbi yakipotea na kurudi, na kila nilipoufungua ukurasa tena kwa jina langu nililikuta pambano pale pale nilipoliacha, ingawa mpinzani akiwa amewasha saa, saa hiyo haimsubiri mtu aliye kwenye foleni ya magari. Kioo cha simu yangu ni kidogo mno kwa kupanga timu. Kazi hiyo mimi huifanya kwenye kompyuta na kuiachia simu mapambano yenyewe.

Talonflame aliingia mwaka 2013 pamoja na Pokémon X na Y, akiwa wa aina ya Moto na ya Anga. Ukizitazama pointi zake za msingi bila kujua mengine, utaona kasi ya 126 na karibu hakuna kingine cha kujivunia: nguvu ya kushambulia 81, ulinzi 71, uhai 78. Kasi hiyo, hata hivyo, si ya kubeza. Katika kiwango cha 100, akipewa pointi zote 252 za mazoezi ya kasi pamoja na tabia ya Jolly, hufika 386, akimpita Weavile mwenye kasi ya msingi ya 125, Meowscarada mwenye 123 na Greninja mwenye 122. Mimi hupendelea tabia ya Adamant, ambayo hupandisha nguvu ya kushambulia kutoka 261 hadi 287 na kuiacha kasi kwenye 351, kwa sababu Pokémon yeyote mwenye kasi ya msingi ya 110, kama Gengar, hata akijazwa kasi yote huishia 350 asipokuwa na kifaa cha kumwongezea. Wanaomponyoka ndege wangu kwa uchaguzi huo ndio hasa ambao Gale Wings inapaswa kuwashughulikia.

Na hapo ndipo masharti yanapoanza. Katika kizazi cha sita, yaani kile cha X na Y, Gale Wings iliyapa mashambulizi yote ya aina ya Anga kipaumbele cha daraja moja, bila kujali hali ya ndege. Brave Bird, shambulizi la nguvu 120 lisilokosa shabaha kirahisi, lilitangulia karibu kila kitu, na Roost, inayorudisha nusu ya uhai, nayo ilitangulia. Showdown inakuruhusu kuvicheza vizazi vya zamani kwa kanuni zao, nami nimeonja ladha hiyo katika OU, daraja la Pokémon wanaotumika zaidi, la kizazi cha sita. Ni ladha tamu kupita kiasi, kwa maana mpinzani aliyebaki na uhai wa robo hana la kufanya ila kumtafuta wa kumtoa sadaka. Mwaka 2016, Pokémon Sun na Moon zilipotoka, kanuni ilibadilishwa: kipaumbele hupatikana tu uhai ukiwa kamili. Kuna tokeo moja la mabadiliko hayo ambalo wachezaji wageni hawalioni upesi. Roost yenye kipaumbele imekuwa haina maana, kwani uhai ukiwa kamili Roost hushindwa, na uhai ukipungua kipaumbele hakipo tena. Anapotaka kujiponya leo, Talonflame anategemea miguu yake mwenyewe, yaani ile kasi ya 126.

Kwa hiyo maoni yangu juu ya ndege huyu, baada ya kumtumia sana, ni kwamba silaha yake kubwa katika vizazi vya sasa ni uhai kamili, na kasi ni msaidizi tu. Kila uamuzi wa kumjenga na kumchezesha unapaswa kupimwa kwa swali moja: je, akiingia uwanjani atakuwa mzima?

Adui wa kwanza wa uzima huo ni Stealth Rock, mawe yanayoelea upande wako na kumchoma kila anayeingia. Aina za Moto na Anga zote ni dhaifu mbele ya Mwamba, hivyo Talonflame hupoteza nusu ya uhai wake kila anapoingia. Asipopewa pointi zozote za mazoezi ya uhai, uhai wake katika kiwango cha 100 ni 297; mawe humtoa 148, kwa kuwa mchezo hudondosha sehemu ya desimali, na akiingia mara ya pili bila kuguswa na kingine hubaki na uhai wa 1. Ukimwongezea zile pointi nne za mazoezi zinazobaki, uhai unakuwa 298, mawe yanamtoa 149, na kuingia kwa pili kunamuua. Ndiyo maana pointi hizo nne huziweka kwenye ulinzi wa mashambulizi maalumu, hata ninapokuwa nimempa Heavy-Duty Boots, viatu vilivyoletwa na Pokémon Sword na Shield mwaka 2019 ambavyo humkinga mvaaji dhidi ya mawe hayo; shambulizi la Knock Off likimvua viatu, hesabu ya zamani inarudi.

Uchaguzi kati ya viatu na kutobeba kitu ndio ulionishughulisha zaidi. Brave Bird humrudishia mshambuliaji theluthi ya madhara aliyoyasababisha, maana yake pigo la kwanza lenye kipaumbele ndilo linalokifuta kipaumbele cha pigo la pili. Acrobatics, kwa upande mwingine, haina maumivu ya kurudi, na nguvu yake ya 55 huongezeka mara mbili hadi 110 mshambuliaji asipobeba kifaa chochote. Ukijumlisha nyongeza ya nusu anayoipata Pokémon kwa shambulizi la aina yake, Brave Bird ni 180 na Acrobatics ni 165, tofauti ndogo mno kwa ndege anayeweza kurudia pigo lenye kipaumbele zamu baada ya zamu. Hasara ni kwamba bila viatu mawe yanamsubiri mlangoni. Nimeishia kuzigawa kazi hivi: timu ikiwa na Great Tusk wa kuyafagia mawe kwa Rapid Spin, Talonflame huingia mikono mitupu, akiwa na Acrobatics na Swords Dance, ambayo huipandisha ile 287 hadi 574; timu isipokuwa na mfagiaji wa kuaminika, anavaa viatu, anabeba Brave Bird na Roost, nami nakubali kwamba nitapata pigo moja la ghafla kisha nitafute zamu ya kumpumzisha. Kozi akilala na njaa ni kupenda kwake, na ndege huyu hushinda mapambano mengi kwa zamu ambazo hakushambulia. Tatizo ni kwamba katika kizazi cha tisa, kile cha Scarlet na Violet, Roost imepunguzwa hadi matumizi ya juu kabisa nane, hivyo hata subira yenyewe ina bajeti.

Mtihani mzuri wa subira hiyo ni Kingambit, ambaye katika OU ya kizazi cha tisa hutakosa kumwona. Aina yake ya Chuma hupunguza Brave Bird kwa nusu. Flare Blitz ingemuunguza vibaya, lakini Gale Wings haiipi kipaumbele kwa kuwa ni ya Moto, na Sucker Punch ya Kingambit, shambulizi lenye kipaumbele, itatangulia. Jibu langu ni Will-O-Wisp, inayomuunguza mlengwa bila kuhesabiwa kuwa shambulizi: Sucker Punch hushindwa kabisa mlengwa asipokuwa anashambulia, na Kingambit akishaungua mashambulizi yake ya kimwili yanapungua kwa nusu. Wapinzani wengi hubonyeza Sucker Punch kwa mazoea wakimwona ndege dhaifu mbele yao. Waliowahi kukutana na hila hii hubonyeza Swords Dance, na hapo pambano linageuka kuwa la kusomana mawazo, sehemu ya mchezo ninayoipenda kuliko zote. Showdown hukuwezesha kuhifadhi marudio ya pambano, na binamu yangu anayeishi Rongai hunitumia yake usiku tukabishana zamu kwa zamu.

Wanaostahili kumwogopa ni Zamazenta, Iron Valiant na Meowscarada, ambao wote hupata madhara maradufu kutokana na aina ya Anga. Zamazenta ana kasi ya msingi ya 138, lakini mbele ya Talonflame mwenye uhai kamili kasi hiyo haimsaidii, ingawa ulinzi wake ni mkubwa na si busara kumtarajia aanguke kwa pigo moja. Wasiomwogopa ni Rotom-Wash, Heatran, Tyranitar na Dondozo, na mbele yao hakuna ujanja. Ukiwaona kwenye timu ya mpinzani kabla ya pambano kuanza, mpe Talonflame kazi ya kusubiri hadi waondolewe na wenzake, au mpe U-turn apige na kuondoka.

Kuhusu Terastal, mabadiliko ya aina yaliyoletwa na Pokémon Scarlet na Violet mwaka 2022 na yanayotumika mara moja kwa pambano, nimejaribu njia mbili tu zilizonivutia. Terastal ya Anga hupandisha nyongeza ya mashambulizi ya aina hiyo kutoka mara moja na nusu hadi mara mbili, na Brave Bird ikawa sawa na 240. Terastal ya Ardhi humfanya asidhurike na Umeme na apunguze madhara ya Mwamba kwa nusu, wakati huohuo mashambulizi yake ya Moto na Anga yakibaki na nyongeza yao ya asili. Ni mtego mzuri kwa anayemtoa Rotom-Wash akidhani amefika, ila asiwe na Hydro Pump, shambulizi la Maji, mkononi, kwani Ardhi ni dhaifu mbele ya Maji. Mara nyingi huichagua ya Anga.

Katika mapambano ya wawili wawili Talonflame ni ndege mwingine kabisa, na kwa maoni yangu ni mwenye faida zaidi. Tailwind, upepo unaoongeza maradufu kasi ya upande wako kwa zamu nne, ni shambulizi la aina ya Anga, hivyo nalo hupewa kipaumbele na Gale Wings, na zamu ya kwanza uhai huwa kamili bila kuhitaji maarifa yoyote. Whimsicott hufanya kazi hiyohiyo kwa uwezo wa Prankster, unaozipa kipaumbele hatua zisizo za kushambulia, lakini kasi yake ya msingi ni 116. Wakikutana, upepo wa Talonflame huvuma kabla Taunt ya Whimsicott, inayomzuia mlengwa kutumia hatua kama hizo, haijamfikia. Mkorea Sejun Park alikuwa na Talonflame kwenye timu iliyotwaa ubingwa wa dunia mwaka 2014 mjini Washington, D.C., ile inayokumbukwa zaidi kwa Pachirisu wake. Kanuni za wakati huo ndizo ninazozirudia mara kwa mara, kwa sababu Talonflame mwenye Quick Guard, ngao dhidi ya mashambulizi ya kipaumbele, humtangulia hata Kangaskhan anapojaribu kufungua pambano kwa Fake Out, na mwenzake Garchomp anaweza kupiga Earthquake bila kumgusa ndege aliye angani. Katika kanuni za sasa Fake Out ya Incineroar ndiyo inayoniharibia mipango, kwa kuwa hutangulia kwa daraja tatu na kumnyima zamu yake. Kwa sasa namweka pembeni yake Farigiraf, ambaye uwezo wake wa Armor Tail huwazuia wapinzani kutumia mashambulizi ya kipaumbele dhidi ya upande wake, na ninapokosa nafasi hiyo kwenye timu, Talonflame huanza benchi na kuingia uwanjani Incineroar akiwa ameshaitumia.