Chati ya chura wa Kihansi: mayai yametoka wapi?

Nimeinunua mwezi uliopita kwenye duka la vifaa vya shule hapa Mwanga, Kigoma. Muuzaji alianzia 12,000, tukavutana mpaka 8,000. Nafundisha sayansi darasa la tano na nimechoka kuchora kwenye manila kila muhula.

Karatasi yenyewe sina neno. Imefunikwa plastiki, vumbi linafutika kwa kitambaa kibichi, na ile njano ya chura imetulia vizuri. Ila wamemchora mkubwa kama sahani, wala hawakuandika kipimo. Chura huyu hafiki sentimita 3. Dagaa wetu anamshinda urefu.

Shida hasa iko chini, kwenye duara la maisha: mayai, kiluwiluwi, kiluwiluwi mwenye miguu, chura. Hayo ni ya vyura wa madimbwi ya Ujiji. Wa Kihansi hatagi, anazaa! Watoto wanatoka vyura kamili, mmoja anaenea juu ya ukucha wa kidole cha mwisho. Halafu wamemweka kwenye bwawa lenye mayungiyungi, wakati kwao ni kipande cha hekta 2 hivi kwenye korongo la Mto Kihansi, Udzungwa, majani yakiloweshwa na manyunyu ya maporomoko.

Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme manyunyu yakakatika, ikabidi yafungwe mabomba ya kunyunyizia. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 wakapelekwa Marekani. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. 2012 kizazi cha wale waliookolewa kikaanza kurudishwa korongoni. Kwenye chati hakuna hata mstari mmoja wa haya. Nilisimulia mwenyewe, na darasa likabishana nusu kipindi. Mmoja akasema umeme kwanza, na sikumlaumu. Kigoma tumekula moshi wa majenereta miaka mingi.

Nikairudisha dukani. "Mwalimu wangu, chura si chura tu?" Hakupokea, eti nimeshaitia selotepu.

Nyota mbili kati ya tano, zote za plastiki. Ukiikuta, angalia kwanza lile duara chini. Yangu nimebandika kipande cha manila juu ya mayai, na kila nikitoka darasani naambiwa kuna mtu amekifunua kuchungulia.